Gatimu Alifungwa Saba

Kila mteja anayeingia dukani kupimwa gauni lazima aniulize, "Wambui, kwani mlienda kutafuta nini Nairobi na hiyo mimba ya miezi minane?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia kuna mmoja anatoka hapa na hadithi yake tofauti. Juzi nimesikia sokoni ati babu yetu alikuwa jambazi. Basi naandika. Anayetaka kujua asome, akimaliza ampe mwenzake, na mniache nishone.

Kwanza chanzo. Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Mwaura, jina la babu yake mzaa baba, kama sisi Wakikuyu tunavyofanya. Wa pili akiwa mvulana huchukua jina la baba yangu, na baba yangu anaitwa Gatimu. Naye alipewa jina la babu yake, Gatimu wa kwanza, aliyehamia huku Naivasha kutoka Dagoretti zamani za mkoloni, kwa sababu ambazo hakuna aliyezitaja mbele ya watoto. Picha ya hospitali ilipoonyesha kwamba nimebeba kijana, baba alivaa kofia akatoka. Alienda kwa kinyozi. Wanaomjua wanajua furaha yake yote huishia kwa kinyozi.

Mama mkwe akaja kunitembelea na uji wake. Akaomba aone ile Biblia ya zamani ya kwetu, maana ukurasa wa nyuma una kumbukumbu za ukoo. Ziliandikwa na Mwalimu Yohana, kaka ya mke wa Gatimu wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na mambo ya siri aliyaandika kwa Kiswahili ili majirani wasielewe. Baba akaileta, mama mkwe akateremsha kidole polepole, akakisimamisha. Mistari ilikuwa hii: "Gatimu alifungwa saba. Aibu kubwa. Mwangi amezaliwa. Wamehama."

Mwangi ndiye baba wa baba yangu. Na mama mkwe alikuwa karani wa shule miaka mingi, hesabu zake ni za haraka.

"Mtu amefungwa miaka saba," akasema. "Halafu Mwangi akazaliwa. Sasa huyo Mwangi alitoka wapi?"

 Baba aliweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

"Kwetu hatumwiti mtoto jina la jela," mama mkwe akaendelea. "Tena jela yenyewe pengine si ya damu yake. Huyu aitwe Kimani, kama shemeji yangu."

Baba aliichukua Biblia, akaifunga ndani ya taulo la marehemu mama, akaenda zake. Tangu siku hiyo, mtu akimwita njiani "Mzee Gatimu", anaangalia chini kwanza ndipo aitikie. Niliumia, siwafichi. Mwanamume wa miaka hamsini na minane kuanza kuonea haya jina lake kwa sababu ya mstari mmoja wa wino.

Wiki mbili baadaye akanijia dukani. "Twende Nairobi tujue arifanya nini," akasema. Baba yangu herufi ya L ilimkimbia utotoni na hajawahi kuifuata. "Kama ariua mtu, tujue ariua nani."

Mama mkwe akatoa masharti yake: tulete ushahidi kabla mtoto hajazaliwa. Bila ushahidi, ni Kimani.

Naivasha mpaka Marikiti, na kabeji

Tulipanda lori la jirani yetu Karanja, lililokuwa likipeleka kabeji sokoni. Mimi nilikaa dirishani, baba katikati yangu na Karanja, Biblia mapajani mwake. Tulikuwa hatujafika mbali lori likaanza kutoa moshi. Karanja akashuka na mtungi kutafuta maji, akatuacha kando ya barabara.

Dakika tano hazijapita, gari dogo likasimama. Mama mmoja akatoa kichwa, "Hizi kabeji ni za kuuza?" Mimi nikasema hapana. Baba, ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu katika maisha yake, akasema ngoja nikuangalizie moja nzuri. Likasimama gari la pili, likasimama la tatu. Karanja aliporudi na mtungi alikuta foleni, na baba amekunja mikono ya koti, anawapigia watu kabeji kofi ili wasikie zilivyojaa.

"Mzee, hizo zilikuwa za mteja wangu," Karanja akasema.

"Na hawa ni nani?" baba akamuuliza.

Tulifika Marikiti saa nne kasoro, Karanja amenuna, baba amechangamka. Nilidhani safari imeanza vizuri.

Mjini, jengo la makaratasi

Tulienda kwenye lile jengo serikali inakoweka makaratasi yake ya zamani. Kwenye kaunta alikuwa karani mmoja mtu wa magharibi ya Kenya, Wafula, mwenye redio ndogo chini ya meza. Nawakumbusha ilikuwa ule mwezi wa Kombe la Dunia kule Ujerumani, na Nairobi nzima ilikuwa na redio chini ya meza.

"Natafuta Gatimu," baba akamwambia.

"Timu gani, mzee?"

"Gatimu."

"Ndio nauliza, timu gani? Leo ni Wahispania."

Baba akaniangalia mimi, akamwangalia Wafula, akaanza upya kama anayefundisha mtoto kusoma. "Ga-ti-mu. Ni mtu. Arifungwa."

"Eh, mzee, wacha tu," Wafula akasema, na uso ukamwanguka kabisa. "Nani hajafungwa? Sisi Waafrika tumefungwa jana tena."

Ilibidi niingilie mimi. Nikamweleza kwamba ni babu ya huyu mzee, mtu wa Dagoretti, alifungwa jela miaka saba, tunataka faili yake. Wafula akaomba radhi, akazima redio, akatuletea madaftari makubwa mpaka tukashindwa kuonana. Alikuwa mtu mzuri. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba alichelewa kumwambia baba asilambe kidole anapofungua kurasa.

"Mzee, usilambe, hiyo karatasi iko na dawa ya mende."

Baba alikuwa amefika ukurasa wa mia moja. Alisimama, akatafakari, akauliza kama kuna maji. Siku nzima iliyobaki alikuwa akionja ulimi wake na kuniuliza kama umebadilika rangi.

Tulipata Gatimu wawili. Mmoja alitozwa faini kwa kufuga mbwa bila kibali, na alikuwa mtu wa Murang'a. Wa pili alikuwa ng'ombe. Nasema kweli, ni kesi ya shamba, na ng'ombe dume ameandikwa kwa jina. Baba aliisoma kesi hiyo yote mpaka mwisho, nikamwambia baba, hata mama mkwe hawezi kutusingizia huyo.

Kufika saa kumi, Wafula akafunga daftari la mwisho. "Huyu mtu hajaingia jela," akasema. "Ama aliingia, panya wakamkula. Mimi nawaambia muende kanisa yake. Kanisa haisahaungi mtu amekosea."

Tukapiga simu kanisani Dagoretti. Ofisi inafunguliwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kilimani, kwa Tata

Tukaenda kulala kwa Tata Wairimu, dada mdogo wa baba, anayeishi Kilimani kwenye ghorofa ya nne. Bawabu wa lango akampa baba kitabu aandike anakokwenda. Penye jina akaandika jina. Penye nambari ya nyumba akaandika "kwa dada yangu". Bawabu akasema haitoshi, dada wako wengi humu. Baba akaanza kumweleza dada yake alivyo, mfupi, mweusi kidogo, alizaliwa mwaka wa nzige, na bawabu akasikiliza kwa heshima mpaka Tata mwenyewe akatuona kutoka dirishani.

Mle ndani binti yake Tata, Shiro, alikuwa mbele ya televisheni na wenzake watatu wa ofisini. Tulikuwa bado tunavua viatu, wote wanne wakaruka juu.

"Wamefungwa nne," Shiro akatuambia, anacheka. "Nne, mjomba."

Baba akavua kofia. "Masikini," akasema. "Kwa kosa gani?"

Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye kochi. Shiro akamfuta baba vumbi begani, akamwambia, "Ni mpira, mjomba. Ni magoli." Baba akasema hata mpirani siku hizi watu wanashikwa, amesikia kwenye redio.

Na mimi nikacheka. Hapa ndipo nawaomba msinitukane. Nilicheka na wao, nikafuta machozi, na Biblia yenyewe nilikuwa nimeipakata. Halafu nikauliza chakula kiko wapi.

Chakula kilikuwa piza. Baba akaizungusha kwenye sahani akitafuta mahali pa kuanzia, mwisho akaomba ugali. Mimi nilikula yake na yangu.

Baada ya chakula Tata akaisoma ile mistari. Tata ni mtu wa maombi, maombi ya kusimama. Akavua miwani.

"Kaka, hii si jela," akasema. "Mtu akisema amefungwa, amefungwa na nini? Amefungwa kiroho. Hapa kuna vifungo saba, na vimeteremka mpaka kwako. Ndiyo maana lori liliharibika."

"Rori ririharibika kwa sababu Karanja hawekangi maji," baba akajibu.

Haikusaidia. Tulivifungua vifungo vyote saba, kimoja kimoja, tumesimama. Cha kwanza kilikuwa pombe, na baba hanywi. Cha nne kilikuwa uzinzi, na hapo baba akafungua jicho moja akanitazama, nikaangalia zulia. Kwenye cha sita mtoto alinipiga teke nikakaa chini, Tata akasema huyo ndiye alikuwa mkubwa wao.

Upper Hill, bila kupenda

Asubuhi nikaamka na maumivu ya tumbo ya kunikunja. Tata akasema ni vifungo vinatoka. Shiro akasema ni leba, akatutia kwenye gari mbio mpaka hospitali moja huko Upper Hill. Baba alikaa mbele akishikilia dashibodi kwa mikono miwili.

Nilipimwa, nikalazwa kitandani nitazamwe. Baba akabaki kwenye benchi la nje, na baba akiwa na wasiwasi huongea. Niliporudi kwa miguu yangu saa nane nilikuta benchi lote limeshasomewa Biblia na limegawanyika. Nesi mmoja mnene alikuwa amesimama katikati yao na mkasi mkononi.

"Mimi nikisikia amefungwa, najua ni bandeji," alikuwa akisema. "Bandeji saba. Huyo babu yenu aligongwa na kitu kikubwa."

"Treni," akasema mgonjwa mwenye mguu wa plasta, na wengi waliafikiana naye.

"Rakini aibu?" baba akauliza. "Kugongwa na treni kuna aibu gani?"

"Inategemea alikuwa amevaa nini," nesi akasema.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba mtoto yuko salama, na kwamba nimejaza hewa. Hewa, jamani. Nilimwambia baba kwa sauti ya chini, naye akalitangazia benchi kwamba ni hewa, na benchi likamshukuru Mungu kwa pamoja. Nilitoka pale nimejifunika uso na leso.

Kwenye gari, baba akasema bila kunigeukia, "Ningekupoteza kwa sababu ya jina." Nikamwambia ningekufa kwa sababu ya piza, si jina. Hakucheka. Akasema, "Aitwe Kimani. Ni jina zuri. Turudi nyumbani." Aliposema hivyo nikakasirika kuliko siku ile mama mkwe alipoweka kidole. Nilimwambia kesho ni Ijumaa, ofisi inafunguliwa, na kama hataki kwenda mimi nitaenda na hewa yangu.

Dagoretti, ofisi ya kanisa

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya mafuta ya taa na maua ya harusi iliyopita. Karani alikuwa mama mmoja wa makamo, Mama Njoki, ambaye aliisoma mistari yetu mara moja tu akatikisa kichwa.

"Hii ni rahisi," akasema. "Alifungiwa meza ya Bwana. Mtu akikosea, hali meza, hapewi mkate na divai. Saba ni miezi saba. Ama Jumapili saba, kama kosa ni dogo."

Nikahesabu moyoni: jela, vifungo, bandeji, meza. Nikaanza kuhisi kwamba Mwalimu Yohana anatucheka alipo.

Mama Njoki akashusha daftari la watu waliotiwa adabu. Lilikuwa nene kuliko la waliobatizwa. Akapitisha kidole mwaka hadi mwaka, na waliofungiwa meza walikuwa wengi, hata babu yake mwenyewe alikuwamo mara tatu. Gatimu hakuwamo. Akashusha la ubatizo. Hapo akaligeuza upande wetu.

Ilikuwa imeandikwa: Mwangi, mtoto wa Gatimu na Nyokabi, amezaliwa mwezi uliopita, baba na mama wote wamesimama. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba, kubwa kupita kiasi, karibu izibe mstari wa pili.

Baba akalitazama dole lile muda mrefu. Kisha akaweka lake kando yake, bila kuligusa. Baba yangu ana madole makubwa, hata simu humshinda kubonyeza. Yalikuwa madole ndugu.

"Arikuwa hapa," akasema. "Arisimama hapa na mtoto wake."

"Alisimama," Mama Njoki akasema. "Na mtu aliye jela hasimami kanisani. Sasa kufungwa kwenyewe ni kupi, mimi nimeshindwa. Muulizeni Shosho Nyaguthii. Ndiye mkubwa wetu kuliko wote, na akili yake iko sawa. Lakini nyumbani hamtampata. Ijumaa ni siku yake ya matumbo."

Dagoretti, mezani

Kwa hivyo tukaenda machinjioni. Nyuma ya soko kuna bucha moja yenye meza ndefu ndani, wachinjaji wanakula upande mmoja na gumbuti zao miguuni. Upande wa pili alikuwa ameketi bibi mdogo kama kifurushi, kofia ya sufu kichwani, anaminya pilipili kwenye bakuli la matumbo. Tukamwamkia, tukajitambulisha. Akatuambia tuketi tule kwanza, maswali ya njaa hayana majibu. Tukaletewa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, na supu ya mifupa. Hewa yangu ikatulia palepale.

Baba akafungua taulo, akasoma mistari kwa sauti, kwa sababu shosho haoni karibu. "Gatimu arifungwa saba."

Shosho aliacha kutafuna. Kisha akaanza kutetemeka, nikadhani amepaliwa, nikaanza kumpiga mgongoni. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani.

"Yalikuwa saba," akasema. "Mimi niliyahesabu. Nilikuwa nyuma ya goli."

Wachinjaji wote wakageuka.

"Goli gani, shosho?" nikamuuliza, na hapo ndipo iliponijia yote kwa pamoja. Shiro, "wamefungwa nne". Wafula, "nani hajafungwa". Nikaweka mutura chini.

"Goli la mpira," akasema. "Kulikuwa na goli lingine? Misheni yetu ilicheza na misheni ya ng'ambo ya mto, na Gatimu akawekwa golini kwa sababu ya mikono yake. Alikuwa anabeba kondoo wawili, mmoja huku, mmoja huku. Yohana ndiye alikuwa kapteni. Alikuwa ametangazia watu tangu Pasaka kwamba mpira hauwezi kupita pale."

"Na ukapita mara saba," akasema mchinjaji mmoja, kwa uchungu wa kweli.

"Ungepitaje vingine? Hakuwa anauangalia. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri, pale mlimani, na wanawake walikuwa wamemfukuza asikaribie. Walimwambia nenda ucheze, mtoto akifika salama tutapunga kitambaa cheupe. Basi akasimama golini, macho mlimani. Mpira ukapita kushoto. Ukapita kulia. Mmoja ulimgonga mgongoni ukaingia wenyewe, yeye hata hakugeuka. Na kila ukiingia, watu wa ng'ambo walikuwa wanapiga kelele, 'Hodi, Gatimu.' Kwa sababu goli ni mlango, si ndio? Na huyu alikuwa hafungi mlango."

"Na wa saba?" baba akauliza. Alikuwa anashikilia ukingo wa meza.

"Wa saba kitambaa kikatoka. Nilikiona mimi mwenyewe. Gatimu akaruka juu, watu wetu wakashangilia, wakajua leo ameamua kudaka. Wapi. Alipita katikati yao akakimbia mlimani na mpira ukaingia nyuma yake. Yohana hakumsamehe. Na watoto nao, mimi nikiwemo, kila akienda kusaga mahindi tulikuwa tunamwambia hodi. Mwaka mzima hodi. Mwisho akachoka, akafunga mizigo akaenda huko kwenu."

Kwa hivyo, wateja wangu wapendwa, mkijiuliza kwa nini mna fundi wa nguo hapa Naivasha, ni kwa sababu ya magoli saba.

Baba akasogeza supu yake kando. "Kwa hivyo hakukuwa na jera," akasema.

"Jela ya nini? Mtu hata nzi alikuwa hamdaki."

"Na mtoto wa siku ire," baba akasema, "ndiye Mwangi. Ndiye baba yangu."

"Ndiye. Baba yako alizaliwa wakati wa goli la saba."

Nilimwona baba yangu akicheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kumwona hivyo hata tulipomzika mama. Alikuwa akijifuta kwa lile taulo, anasema, "Arikuwa anaangaria mrimani, Wambui. Arikuwa anaangaria mrimani." Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, na naweka lawama kwa mimba, lakini yule mchinjaji wa uchungu alikuwa analia pia na yeye hakuwa na mimba.

Nikakumbuka ushahidi. Baba akaomba kalamu, na juu ya mstari wa Mwalimu Yohana, kati ya "alifungwa" na "saba", akabana neno moja dogo: magoli. Lakini nani atashuhudia? Shosho hajui kuandika. Kulikuwa na mkaguzi wa nyama anakula pale, na sanduku lake la wino, ule wa zambarau wanaopiga muhuri kwenye nyama iliyopita ukaguzi. Akalifungua, shosho akachovya dole, akalibandika pale ukingoni. Mkaguzi akaangalia kazi yake, akasema sasa hiyo Biblia inaweza kuuzwa popote Nairobi.

Naivasha tena

Mama mkwe aliusoma ule ukurasa amesimama, akasikiliza habari yote, akanusa lile dole la zambarau. Nilikuwa nangoja aombe msamaha. Ningengoja mpaka leo.

"Magoli saba ni mengi," akasema, akaenda zake.

Wiki mbili hakusema Gatimu, hakusema Kimani. Alisema "huyo". Huyo ameteremka, huyo anataka maziwa. Baba naye hakuuliza. Ila mtu akimwita njiani, sasa anaitikia kabla hujamaliza.

Uchungu ulinishika siku moja ya robo fainali, mchana. Wodi ya akina mama katika hospitali yetu iko juu, na wanaume hawaruhusiwi kupanda. Mama mkwe aliingia nami, baba akabaki uani na mabawabu na redio yao. Baadaye bawabu mmoja aliniambia kwamba magoli yalifungwa, watu wakaruka, na huyo mzee hakujua hata ni nani anacheza. Alikuwa amesimama na chupa yake ya chai, shingo imenyooka, anaangalia dirisha la juu.

Mtoto alifika taa za wodi zimeshawashwa, na mikono kama makafi. Nesi akamfuta, akampa mama mkwe. Mama mkwe akamkagua kama anayehakikisha hesabu. Akanirudishia. Kisha akachukua nepi nyeupe kutoka kwenye kikapu chetu, akaenda dirishani, akalisukuma likafunguka, akaipunga nje kwa mkono wote.

"Gatimu," akaita.

Chini nikasikia chupa ya chai ikianguka. Nikasikia mabawabu wakisema mzee, hapana, mzee, na viatu vikipanda ngazi. Nesi akakimbilia mlangoni kumzuia. Baba akasimama pale kizingitini, kofia mkononi, anahema, hathubutu kuingiza mguu.

"Hodi," akasema.

Mama mkwe akamtazama baba, akamtazama mtoto.

"Huyu ameshaingia," akasema. "Ingia na wewe."